Maji Chini ya Mchanga

Kaka Mbaraka,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mwalimu mkuu wa Mafia nzima, bingwa ambaye hata kaa wa pwani wakimwona hujipanga safu. Usicheke. Uliposema nitarudi Kilwa nikilia njaa kabla mwezi haujaandama, uliagua vibaya. Tafuta kazi nyingine. Hujambo lakini? Na kifua cha mama kimepoa? Mimi mzima, nimenenepa kwa pweza, ila viganja ndivyo vilivyochubuka.

Vilichubuka kwa kufua nazi kwenye ncha ya kifuo. Ndiyo kazi niliyopewa nilipofika hapa katika shamba la Bwana Seif. Kutwa nzima mimi na kifuo, kifuo na mimi. Kisha bwana akasikia kwamba nimesoma miaka miwili shule ya Wadachi (nilimwambia minne), akanikabidhi wanawe na watoto wa wafanyakazi, saba wote, niwafundishe kuandika. Vibao hakuna, karatasi hakuna. Nikawapeleka pwani, tukaandika mchangani.

Siku ya pili tu, Zuhura, binti wa bwana, umri miaka minane na ulimi wa miaka arobaini, akaniuliza, "Mwalimu, mbona mchanga mkavu hausimami, ukilowa kidogo unasimama, ukilowa sana unaanguka tena?"

Wallahi sikujua. Nikajibu kama ajuaye: "Jengeni tuone."

Tangu hapo herufi zikangoja. Tulijenga kuta, tukazibomoa, tukajenga tena. Tulitoboa kifuu, tukakijaza mchanga, tukamimina maji ya tope, yakatoka maangavu. Tukamimina ya bahari. Yakatoka maangavu pia, lakini chumvi ile ile. Kitoto kimoja kikaapa kuwa yamekuwa matamu. Tukakipa kinywe yote.

Msimamizi wa shamba, Mzee Jongo, akatukuta. "We kijana, mwalimu au yaya? Watoto wa watu unawachezesha mchanga!"

"Mchanga ndio kitabu chao, mzee. Wewe hicho husomi, wala kingine."

Akaenda kunishtaki. Bwana Seif akaniita: hadi Ijumaa nimwonyeshe faida ya mchezo huo, la sivyo nirudi kwenye kifuo.

Nirudi? Mimi? Nikawauliza watoto: Bi Time, yule bibi kizee anayekaa peke yake karibu na ufuo, mbona kisima chake kina maji matamu, na bahari ile pale? Wakabishana mpaka wakarushiana mchanga. Zuhura akasema, "Mvua inazama mchangani, inakaa juu ya maji ya chumvi." Nikasema, basi tuchimbe. Tukachimba juu ya pale maji kujaa yanapofika, kina cha mkono mmoja. Maji! Zuhura akaonja, akapiga kigelegele.

Alhamisi bwana mwenyewe akanywa kata nzima mbele ya Mzee Jongo.

"Hata kaa huchimba," mzee akanung'unika.

"Mwambie basi kaa akufundishie wajukuu," nikamjibu. Bwana alicheka hadi kilemba kikalegea. Kwenye kifuo sirudi, kaka, na Kilwa sirudi. Anayesema mchanga ni mchezo wa watoto na aje, tutampa kifuu chake.

Nisalimie mama, umbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie shangazi muuza vitumbua, umwambie wa huku hawajui kuumua unga. Na shemeji, mkeo, mpe pole kwa kukaa na wewe.

Kuna moja, na hili mama usimsomee. Siku ile ya sifa nilimwahidi Bi Time kumwongezea maji kisimani. Zuhura alinizuia, akanikumbusha kuwa lile shimo letu tulipolizidisha kina, maji yaligeuka chumvi. Nikamwambia anyamaze, mwalimu ni mimi. Nikashuka na jembe, nikachimba hadi kiunoni. Asubuhi maji yalikuwa mengi, na yote chumvi. Nimefukia, nimengoja wiki tatu, hayajawa matamu. Watu wanasema ni bamvua, bahari ilijaa mno ikaingia kisimani, na mimi nimewaacha waseme. Sasa Bi Time anabeba mtungi hadi kisima cha shambani na kurudi, na kila akinipita ananiombea dua.

Mdogo wako,
Athumani