Nimemdhamini Mama

Alhamisi, jioni. Kipupwe cha mwaka huu hakina adabu. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi, na mimi moyo wangu ni mzito.

Mama amepata kibali. Kesho anapanda lori la kwenda Matai, kisha mpakani, kisha Mbala, huko Zambia, kwa mdogo wake, mama Malita. Wamempa mwezi mmoja wa kutembea. Mwingine angepiga vigelegele. Mimi nimerudi nyumbani nikajifungia jikoni, nikalia kama mtoto aliyechapwa.

Tumehangaika na makaratasi hayo mpaka viatu vyangu vya kufundishia vimekwisha soli. Mama kazaliwa upande ule, Mmambwe wa huko huko. Alikuja Ufipa kuolewa kwa miguu, mzigo kichwani, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Sasa kwenda kumsalimia ndugu yake wa tumbo moja, lete barua ya balozi wa nyumba kumi. Lete ya mwenyekiti wa kijiji. Lete picha mbili, lete cheti cha chanjo ya ndui. Lete barua ya huyo anayemkaribisha, aeleze atamlaza wapi na atamlisha nini. Hilo la mwisho lilimchekesha sana mama. "Malita atanilisha nini? Si ugali!" Siku ya picha aligoma kuvua kilemba, mpiga picha akabembeleza mpaka akakata tamaa, akampiga picha nacho hivyo hivyo.

Kikabaki kitu kimoja: mdhamini. Awe mtumishi wa serikali, atie sahihi kwamba msafiri huyu siku zake zikiisha atarudi. Mwalimu wa shule ya msingi anafaa. Tena mwalimu mwenyewe ni mimi, binti yake wa kumzaa.

Nilikuwa tayari kusaini tangu mwanzo. Kilichoniharibia ni Jumapili.

Baada ya misa nilikwenda kijijini kumchukua, aje akae kwangu mjini tukisubiri kibali. Nikamkuta amekaa mlangoni, amepakata kikapu cha masuke ya ulezi. Zile ni mbegu zake. Kila mavuno huchagua masuke yaliyonona, akayatundika juu ya mafiga, moshi uyalinde na wadudu, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuyagusa. Mwaka mmoja wa njaa tulilala bila kula yakiwa yananing'inia juu ya vichwa vyetu, na baba mwenyewe hakuthubutu. Jumapili alikuwa ameyashusha yote.

"Chukua, Skola," akaniambia. "Utapanda wewe."

Jamani, mambo ya mbegu kwetu hayana mzaha. Mwanamke akisafiri, mbegu zake zinamsubiri palepale juu ya moto. Akizikabidhi kwa mtu, haji kupanda tena. Nilisimama na kile kikapu mikononi.

Nilimwuliza wazi. Hakunidanganya, mama hajui kudanganya. Akasema amechoka, kifua kimemchosha, na anataka kufia kwao. Tulipohamia kijiji kipya cha ujamaa, kaburi la baba lilibaki kule mahame tulikotoka, na sasa nyasi zimelifunika. "Ningejua nitazikwa pale karibu na baba yako, nisingekusumbua. Lakini hapa nilale katikati ya watu tuliokutana juzi kwenye mstari wa nyumba? Bora nikalale karibu na mama yangu."

Kijiji kina zahanati, kina shule, kina bomba la maji. Nafundisha watoto kukisifu, na nakisifu kwa moyo wangu wote. Lakini la kaburi la baba sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

Nimemkasirikia mama. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia usoni. Wajukuu wake wanamgombania nani alale naye, mimi nipo, kaka yupo. Sisi hatutoshi? Halafu namwona anavyokohoa akiinama kufunga kanga yake, hasira inaniishia, nabaki na uchungu mtupu.

Leo ndiyo tukaenda ofisi ya uhamiaji. Afisa ni kijana mpole, si wa huku. Alimwamkia mama shikamoo kabla hata ya kufungua faili. Akasoma barua zote, moja moja, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, nisamehe, ni lazima niulize. Mume wake ni marehemu. Nyumba iko kijijini, shamba ni la kijiji. Nini kitamrudisha bibi?"

Mama alitazama ukuta. Angeulizwa yeye, angesema kweli, na safari ingeishia palepale.

Nikasema, "Ameacha mbegu zake za ulezi, bwana. Mwanamke gani anaacha mbegu zake asirudi kupanda?"

Yule kijana akatabasamu. Akasema hata mama yake ni hivyo hivyo, mbegu zake hata panya anaziogopa. Akanisogezea karatasi na kalamu.

Mbegu ameziacha, hilo ni kweli. Ziko kwangu. Lakini nimesema uongo, nami najua nimesema uongo, na yule kijana hakustahili. Mwezi ukiisha wataniita. Na waniite! Nitakwenda.

Tulipotoka, mama alinishika mkono, akanishika hivyo mpaka tukapita soko lote, watu wakitutazama. Hakuwa amenishika mkono hivyo tangu nivunje ungo. Kiganja chake kigumu kilekile, kina harufu ya moshi.

Sasa yuko chumbani na wanangu, nawasikia wanacheka. Masuke nimeyatundika juu ya mafiga yangu, moshi umeanza kuyapata. Kesho alfajiri nitambebea mzigo wake mpaka kwenye lori, nitamfunika shuka vizuri kwa ajili ya upepo huu, nami nitajitahidi nisilie mbele ya dereva. Sitamwuliza atarudi lini. Hilo limeshaulizwa ofisini, na aliyejibu ni mimi.