Nondo Zilizokunjwa Juu ya Chumba cha Mama

Seven Hills, Sydney
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Zakayo,

Habari za Uyole? Wifi Rhoda na watoto hawajambo? Kile kikohozi cha mdogo kimepona? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanipasua mikono. Salamu zimetosha. Nina hasira na wewe.

Nimeandika barua kwa sababu simu zangu unazikata. Elizabeti, jirani yangu hapa, anasafiri kesho kuja huko, nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka umalize kusoma.

Picha uliyonitumia nimeiona. Zile nondo tulizoacha zimechomoza juu ya nguzo za chumba cha Mama, tukisubiri siku ya kuongeza ghorofa, ulizikunja ili zisiwachome watoto wanapoanika nguo. Sasa umezinyoosha kwa bomba na nyundo, ukaniandikia, “Zimekuwa kama mpya.” Kama mpya! Nani kakudanganya?

Kazi yangu hapa, kama umesahau, ni kuvuta vyuma kwenye mashine mpaka vikatike. Chuma ukikivuta kidogo ukakiachia, kinarudi kama kilivyokuwa. Ukikizidishia, hakirudi tena, kinabaki na ulemavu wake hata ukikinyoosha kikaonekana kizuri. Pale kwenye kunjo kinakuwa kigumu, na kigumu si imara, Zakayo.

Jumatatu nilichukua nondo moja kama zako, nikaikunja, nikainyoosha, nikaiweka kwenye mashine. Nondo nzima hurefuka kwanza, ikawa nyembamba katikati, ukapata muda wa kukimbia. Hii ilikatika ghafla palepale ilipokunjwa. Gratien, Mrundi ninayefanya naye kazi, aliokota vipande akaniambia, “Dada Tumpe, hii chuma iko inadanganya watu. Nani anajenga na hii?” Anayejenga nayo ni mdogo wangu wa tumbo moja!

Na bado unataka kumwaga zege mwisho wa mwezi, Mama akiwa amelala chini yake! Usimwage. Mwite mhandisi akague hizo nguzo. Fundi wako akinuna, anune.

Nilimpigia Mama nikamsihi ahamie kwa mjomba Godson. Amekataa. Anasema, “Zakayo ni mwanangu, hawezi kunijengea kitu cha kuniua.” Nimelia, halafu nikakasirika upya, maana hiyo imani yake ndiyo unayoichezea.

Sasa nakuomba jambo moja. Kabla ya zege, hamisha kitanda chako, wewe na Rhoda na watoto, mkalale chumba cha Mama, naye alale chumba chenu. Ukiona moyo unasita kukihamisha, basi jibu unalo tayari.

Nisalimie mjomba Godson na wanangu wote. Mungu amlinde Mama usiku na mchana, na wewe usimwongezee Mungu kazi.

Dada yako anayekupenda hata akiwa amefura,
Tumpe