Maziwa na Mapafu

Tshopo, Kisangani
Februari 1989

Mama yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Nakusalimu kwa heshima, wewe na kaka Zuberi na wote wa nyumbani Ubundu. Magoti yako yanaendeleaje? Kikohozi cha kaka kimetulia? Sisi huku miili ni mizima, ila nyumba imeingia maneno.

Ulipata habari kwamba mtoto wetu wa pili naye alifariki. Alizaliwa mnene, miezi yake imetimia, akalia vizuri, lakini kabla ya jua kuzama alikuwa anahema mbavu zikiingia ndani, sawasawa na yule wa kwanza. Unanijua, mama, hata chumvi ya sokoni naionja kabla ya kulipa. Mara ya kwanza nilimshuku mama mkwe wangu, Mama Zaina, kwa kuwa ndiye aliyempaka mtoto asali mdomoni. Safari hii niliikataa asali, nikakataa hata ambebe. Mtoto akafa vilevile. Nilipaswa kumwomba radhi, na sikumwomba.

Daktari Bolamba alituita mimi na mume wangu Waziri. Mama Zaina akafuata bila kuitwa. Daktari alieleza kwamba ndani ya mapafu kuna utelezi mwembamba, wa mafuta na protini, unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Watoto njiti huukosa kwa sababu haujawa tayari. Wetu walitimia, kwa hiyo anashuku kuna protini moja ambayo miili yao haikuweza kuitengeneza, ingawa hapa hakuna mashine ya kuhakikisha. Nilimuuliza kama si sindano za wauguzi wake zilizoua. Hakukasirika.

"Mapafu ya mutoto iko sawa na sachet ya plastiki yenye ililowa," alisema. "Inajikamata, haifunguke tena. Kasoro inatoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe wako bien, hawana ugonjwa."

Akaongeza kwamba mambo haya huonekana zaidi kwa wanaooana wakiwa wa damu moja, lakini si kwao tu, na kwamba mimba zetu nyingine zaweza kutoka salama. Mimi nilishika hilo la mwisho. Mama Zaina akashika damu moja.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. "Waziri alinyonya ziwa ya mama yako kule Ubundu, wakati mimi nilikuwa mugonjwa na wewe hukuzaliwa bado," aliniambia. "Donc ninyi ni ndugu. Hii ndoa haiko."

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Alisema maziwa hayapeleki kasoro ile kwa mtu. Sawa, lakini shehe haulizi habari za mapafu: watoto wa ziwa moja hawaoani. Waziri sasa analala sebuleni. Anasema atangoja neno lako, na likiwa kweli, ataniacha.

Najiuliza kwa nini Mama Zaina akumbuke leo. Siku ya harusi alikula pilau yetu akanyamaza. Nadhani ananilipizia ile asali. Halafu nakukumbuka wewe, mama. Siku ya posa uliuliza jina la mama yake Waziri, ukatoka kwenda jikoni, uliporudi ukasema moshi umekuingia machoni. Nimewashuku watu wengi miaka hii, na kukushuku wewe ndiko kunakoniuma.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Nina mimba tena, mwezi wa tatu sasa. Naogopa mapafu yake, lakini naogopa zaidi azaliwe na baba yake ameshaondoka. Nampenda Waziri, nakuandikia bila haya.

Kwa hiyo, mama, kama hukumnyonyesha, andika upesi, umtaje Mungu ndani ya barua, Waziri aisome mwenyewe. Kama ulimnyonyesha, usijibu. Nitawaambia barua yangu haikukufikia.

Nisalimie majirani wote, na umwambie kaka asiache dawa.

Ni mimi mwanao,
Safi