Kimya Changu Si Ridhaa

Kwa Kaka Mbwana, Muheza.

Asalaam alaykum, na shikamoo, maana heshima yako sijaivua hata kwa hasira niliyo nayo. Mgongo umepoa? Na mama, macho bado yanamruhusu kusuka ukili? Mimi huku ugenini mwili mzima. Moyo ndio umevimba.

Nimesikia umepokea posa ya Bwana Kombo, yule mfanyabiashara wa karafuu wa Pemba, na pilau imeshaliwa. Nilipokupigia ulinijibu kwa utulivu wako ule: "Tulikuuliza kwa ujumbe wa simu asubuhi, mdogo wangu, ukanyamaza mpaka magharibi. Kimya cha mwanamke ndilo jibu lake."

Kaka, siku ile nilikuwa chumba cha darubini. Kazi yangu nimekueleza mara nyingi, nawe unawaambia watu nakosha chupa za Wazungu, basi nieleze tena. Ndani ya mwili wa mtu mna mahamali, ni protini zenye miguu miwili, zinabeba mizigo juu ya njia nyembamba. Gawa upana wa unywele mafungu elfu kumi: fungu moja ndiyo hatua ya hamali. Mimi huchukua nyuzi za DNA, nazipanga zijisuke zenyewe kama miyaa ya mama, ziwe kijiti. Nakifunga kwenye mguu wa hamali, nchani natia rangi inayowaka, darubini ikafuata nuru ile. Humo simu haiingii na hatuzungumzi. Mlango ukibamizwa tu, picha inacheza na kazi ya wiki inakwenda na maji.

Siku ile hamali mmoja alisimama, mguu juu. Mwenzangu akaniandikia kwenye karatasi tumhesabu amekwisha kwenda mbele, maana wote huenda mbele. Nikatikisa kichwa. Tukangoja. Akarudi nyuma.

Kitu kisichoonekana kwa macho nimekingoja kionyeshe chenyewe kinakokwenda. Wewe dada yako hukumngoja hata hadi isha.

Na hiyo sheria umeishika upande. Kimya ni ridhaa ya mwari. Mimi niliolewa Pongwe, nikaachwa, nikamenya machungwa stendi mpaka nikarudi shule, nawe ulikuwa ukiniona unahamia upande wa pili wa barabara. Mwanamke aliyekwisha kuolewa huulizwa, akajibu kwa ulimi wake. Hayo ulisoma chuo cha Kurani kabla yangu. Siku ya kuona haya ulinisahau, siku ya pilau ukakumbuka kuwa wewe ndiwe walii wangu.

Bwana Kombo sina ugomvi naye. Hajui ameposa kwa asiyeulizwa. Mrudishie kishika uchumba chake kabla hajatangaza siku ya nikahi, umwambie kosa ni lako.

Nimeandika kwa karatasi kwa kuwa simu utasema mtandao ulikatika. Anayekuletea ni mwenzangu wa kazini, mtu wa Amani, amekuja huko likizo. Nimemwagiza asinyanyuke mkekani mpaka uisome yote kwa sauti mbele ya mama.

Wifi yangu, mkeo, mpe salamu. Shangazi wa Mkwaja mwambie uduvi wake umefika, na jengo zima limejua umefika.

Na hapa usimeze mate, kaka, soma kama nilivyoandika: Mama, ni mimi ninayesema. Sikubali.

Mdogo wako,
Mwanahamisi