Uzi Mwekundu wa Stoki

Jumapili, 20 Oktoba 1996

Barabara ya Uvira imefungwa. Kutoka Luberizi hakuna gari tena – magunia yangu kumi na nane ya mchele ndiyo ya mwisho. Biashara hii nilianza na kikapu kimoja, bila msaada wa mtu. Baada ya misa mpangaji wangu Adalbert, aliyekuwa akitafsiria Wazungu wa kambi za wakimbizi, akanicheka. Eti stoki, neno ninalolitamka kutwa, si Kifaransa, ni Kiingereza. Zamani lilikuwa kisiki. Kisha likawa ukoo, mifugo, kitako cha bunduki, bidhaa. Kisiki gani kinazaa hayo yote!

Jumatano, 23 Oktoba

Wanajeshi wetu wanakimbia vita, wanapora njiani. Stoki haiwezi kukaa depo. Magunia mawili nyumba moja, majirani tisa, chini ya vitanda. Lakini mwaka ule wa pillage, wanajeshi walipopora mji, nilimwachia Zagabe, mume wa jirani yangu Constance, chumvi. Ikarudi nusu. Panya, alisema. Panya wa kula chumvi!

Adalbert tena: zamani Waingereza wakikopeshana, walipasua kijiti chenye alama. Kila mtu upande wake. Ule wa mkopeshaji ndio uliitwa stoki. Pande zikikutana, hakuna kubisha. Hapo nimeelewa. Nimeshona midomo ya magunia yote kwa uzi mwekundu. Bobini ya uzi nabaki nayo mimi, ndiyo upande wangu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mabomu upande wa Nyangezi. Adalbert ameondoka kwa miguu.

Jumanne, 29 Oktoba

Wanajeshi wamepekua kwa Constance. Magunia mawili. Nyumba inayofuata, mawili – uzi ule ule. Mkubwa wao si mjinga: hii ni stoki ya mtu mmoja, mengine yako wapi? Anamtaka mwenye uzi. Wamemchukua Zagabe mpaka amtaje. Wamempiga mbele ya watu wote wa avenue. Hakunitaja. Yule wa panya.

Constance amekuja. Amekataa kiti.

“Maman Godelive, ule uzi iko yako. Mimi sitasema. Weye je?”

Makaa yanawaka jikoni. Bobini ingeteketea kabla maji hayajachemka. Nimeishika. Magunia kumi na manne bado hayajaonekana, na kila moja lina mdomo mwekundu.

Constance yuko mlangoni. Nimemwambia angoje kidogo, nifunge kitenge twende.

Kitenge nimeshafunga.