Lenzi Niliyoichukua, Si Ile Uliyoitaka

Baba Asha wangu,

Lenzi nimeshanunua. Najua hilo ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya habari za nyumba, ndiyo maana nimeanza nalo.

Asha alipotuletea ile kamera baada ya masomo yake, alidhani tutapiga picha za harusi na za wajukuu. Sisi tukaenda nayo msitu wa Ngezi. Kila Jumapili wewe ukifunga duka lako la kutengeneza redio pale Wete, mimi naacha madaftari ya wanafunzi, tunapanda pikipiki. Lakini lenzi iliyokuja nayo ilikuwa fupi. Tukimpiga picha ninga, yule njiwa wa msituni, juu ya mti, tukirudi nyumbani tunaona majani matupu na kitu cha kijani kama punje ya karafuu mbichi. Wewe unaikuza picha kwenye kompyuta mpaka inavurugika, kisha unasema, "Yumo humo. Mie namjua."

Hapo ndipo ulipoitamani ile lenzi ndefu, nene kama mchi. Nikakwambia msituni kuna kiza, na ile haipokei mwanga wa kutosha. Tena nzito, haishikiki bila stendi.

"Stendi nnabeba mie," ukasema. "Weye kazi yako kupiga."

Tulibishana hivyo mpaka mvua za vuli zikaingia. Kisha asubuhi moja moyo wako ukasimama, uko dukani, bisibisi mkononi.

Nilipotoka eda, Asha alinipeleka Unguja kwenye duka la kamera. Njia nzima ananiambia, "Mama, chukua ile aliyoitaka baba. Iwe ukumbusho wake."

Mwenye duka akanipa ile ndefu. Nikasimama mlangoni, nikamlenga kunguru kwenye waya wa umeme. Nilimwona mpaka manyoya ya shingo, lakini akicheza kama yumo ndani ya maji, maana uzito wake ulinishinda bila stendi. Nikajaribu nyingine, fupi kidogo, nyepesi, inayopokea mwanga vizuri. Kunguru akatulia.

Nikaichukua hiyo. Asha alinuna mpaka melini.

"Kwa hiyo ya baba tumeiacha," akasema.

"Ile ni lenzi ya watu wawili, mwanangu. Mimi n'takwenda peke yangu."

Baadaye alinivua begi begani, akalipakata yeye, akalia kimyakimya mpaka tukashuka Mkoani.

Jumapili iliyopita nilikwenda Ngezi. Ninga alikuja kula matunda kivulini, pahala ambapo zamani tusingepata kitu. Nikapiga. Nikatazama kioo cha kamera: jicho lake, mdomo, maji ya tunda yakimchuruzika kidevuni. Yuko wazi kabisa, Baba Asha. Hakuna wa kubisha.

"Mtazame huyu," nikasema, nikaigeuza kamera upande wa kushoto, unapokaa wewe. Nikabaki nimenyoosha mkono hivyo kwa muda.

Kisha nikairudisha jichoni, maana ninga alikuwa bado anakula.

Mwenyezi Mungu akuangazie kaburi lako na akupe upana ulipo.

Mkeo,
Mama Asha