Maji ya Beseni

Mujukuu wangu Neema,

Huku ng'ambo, Saint-Gilles, tuko wazima, mama yako mudogo amejifungua binti. Unauliza kwa nini ninamwagia wageni maji kwa birika, nikikataa wote kunawa mikono ndani ya beseni moja kama kwenu Bukavu.

Bon. Ujanani niliosha vyombo vya kioo kwa maabara iliyoanzishwa na docteur mumoja, mwanamuke wa Rumania, mutafiti wa mikrobi, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho. Siku moja alikula kwetu. Mama yangu alipitisha beseni, docteur akanawa wa mwisho ndani ya maji yale yale ya wote, kisha akaomba maji yale kidogo ndani ya chupa.

Kesho yake aliniita kwenye mikroskopu. Nikatia jicho. Maji yalikuwa yanatembea.

“Docteur, ulijua?”

“Nilijua hata mbele ya kutia mikono. Lakini mama yako ndiye aliyeshika beseni; ningemukatalia namna gani?”

Koko wako